Mwanafunzi wa Kila Profesa

Miezi mitatu mizima ukurasa wa "Uliza Mkutubi" ulikaa mtandaoni bila kuulizwa hata saa ngapi. Mkutubi aliyeubuni alikuwa ameandika juu kabisa, kwa herufi nene, Kuuliza si ujinga, na chini yake ahadi: maswali yako ni siri. Alikusudia kuwasaidia watafiti wa chuo, wale maprofesa na wahadhiri waliotafuta makala kwenye hifadhidata kama mtu anayepapasa swichi gizani. Lakini profesa aulize? Thubutu.

Aliyemfumbua macho ni dada yake, muuzaji wa duka la dawa.

"Mdogo wangu, una elimu lakini akili ya duka huna," alimwambia huku akimenya viazi. "Miaka tisa nauza dawa ya minyoo, sijaona mtu mwenye minyoo. Wote wanamnunulia rafiki."

Kesho yake mkutubi akaongeza kitu kimoja tu kwenye fomu, kisanduku cha kutia tiki: Namuulizia mwanafunzi wangu. Mfumo ukadai nambari ya mwanafunzi, naye akabuni moja, 0417, iwe inajijaza yenyewe; barua pepe ya muulizaji aliiona yeye tu, ya kutumia jibu. Kufikia saa sita mchana yalikuwa yameingia maswali arobaini na moja.

"Mwanafunzi wangu amepata matokeo milioni mbili. Aanze kusoma la ngapi?" "Mwanafunzi wangu amesahau neno la siri aliloliweka kabla ya kuoa." "Mwanafunzi wangu, ambaye anastaafu mwezi ujao, angependa maandishi makubwa zaidi."

Mkutubi hakucheka, au alicheka akiwa ameinamia droo. Alijibu kila swali kwa adabu: mwambie mwanafunzi wako maneno yanayokwenda pamoja ayatie ndani ya alama za kunukuu, mwambie achague miaka mitano ya karibuni, mwambie asikate tamaa. Akatengeneza na video fupi, moja kwa kila kosa, na 0417 akazitazama zote, nyingine mara kumi na moja. Ukweli ni kwamba alikuwa anaelimika.

Aliyemuulizia 0417 zaidi ya wote alikuwa profesa mzee waliyemwita Tanbihi, kwa sababu aliweza kukataa tasnifu nzima kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana chini ya ukurasa. "Mwanafunzi wangu," aliandika siku moja, "anataka kujua kama yupo mtu aliyewahi kuinukuu makala ya mwalimu wake." Mkutubi akamweleza namna ya kutafuta. Alichopata hakumuuliza.

Mwisho wa mwezi mkurugenzi wa maktaba akaja na ripoti mkononi.

"Huduma ya watafiti," alisoma. "Watafiti waliouliza, sifuri. Mwanafunzi mmoja, mara mia tatu na kumi na mbili. Dada, ikifika Ijumaa bila mtafiti hata mmoja kuuliza kwa jina lake, naifunga. Wewe utarudi stoo."

Stoo ya magazeti ya zamani ilikuwa chini ya ardhi, nayo ilikuwa imemla miaka sita na kumwachia kikohozi. Mkutubi aliogopa, tena sana. Angeweza kutaja majina pale pale na mambo yakaisha. Ila ahadi ni deni, na hii aliiandika mwenyewe.

Jumatatu mkurugenzi akamshtaki 0417 mbele ya kikao cha wahadhiri, afukuzwe kwa kuvamia huduma isiyo yake. Viti vikalia.

"Huyo namfahamu," alisema profesa wa takwimu. "Ni kijana mtulivu."

"Kijana gani? Ana shida ya macho," alisema wa sheria.

"Na kiuno," ikatoka sauti nyuma.

"Yuko idara gani?" mkurugenzi aliuliza.

"Yangu," wakajibu kumi na saba kwa pamoja.

Mtu akifukuzwa hufunguliwa faili, na faili husomwa, swali kwa swali. Jambo hilo likawaingia wote kwa mara moja. Mhadhiri wa falsafa akasimama, akasema bidii ya namna hii haiadhibiwi, hutunukiwa. Kura zikapigwa: 0417 ahitimu leo hii, daraja la kwanza. Wakampigia makofi. Tanbihi peke yake hakupiga, alikuwa anatazama viatu vyake.

Mhitimu huondolewa kwenye mfumo. Kufikia jioni, kila aliyetia tiki kwenye kisanduku alijibiwa: Mwanafunzi huyu amehitimu, hongera. Jumanne haikuingia hata herufi. Jumatano vilevile, na Alhamisi. Ijumaa saa nane mchana mkutubi alikuwa ameshaweka kikombe na kalenda yake kwenye boksi, na alikuwa amelia kidogo.

Mlango ukafunguliwa. Tanbihi akaingia, akatazama kushoto, kulia, na nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta kiti lakini hakukaa. "Mwanafunzi wangu amehitimu."

"Nimesikia. Hongera."

"Basi nimebaki mimi." Akafuta miwani kwa ncha ya tai. "Yupo mmoja aliyeninukuu. Mmoja, katika miaka thelathini. Nimempata kwa njia uliyomfundisha yule... uliyonifundisha. Sasa ukurasa wenyewe haufunguki, na mimi sijui nibonyeze wapi."

Mkutubi akamgeuzia kompyuta. Fomu ikadai jina. Mzee akaliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akalisoma, kisha akarudi nyuma kuweka nukta aliyokuwa ameisahau.