Goli Lisilotangazwa

Niliota usiku wa jana kwamba mashine yangu ya gemu imeniita shaurini.

Sikushangaa, maana tulikuwa tumeachana vibaya. Nina banda la gemu hapa Muheza, nalala chumba cha nyuma yake, na wateja wamenichosha masikio wakitaka gemu mpya ya mpira. Mashine imejaa, gemu haiingii. Jana jioni nikachomeka hadidiski ya nje ili gemu ikae humo. Mashine ikaiangalia, halafu ikaandika kwenye runinga, kwa Kiingereza chake, kwamba diski hii lazima ifomatiwe kwanza na kila kilichomo kitafutwa. Chini ikaweka vitufe viwili, Sawa na Ghairi.

Kilichomo ni sauti ya marehemu baba yangu, Mzee Singano, akitangaza mechi za vijana bandani. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia kwenye diski, simu ikafa, ikabaki hiyo diski tu. Hakuna nakala nyingine duniani. Sikubonyeza Sawa wala Ghairi. Nilizima kila kitu, nikaenda kulala na hasira zangu.

Katika ndoto ni mchana kweupe. Nimeibeba hadidiski mgongoni kwa kanga, na mbele yangu kuna geti lenye tundu jembamba la mstatili. Najaribu kupita, nakwama. Najigeuza juu chini, nakwama. Najigeuza tena, narudi vilevile nilivyokuwa mwanzo, napita.

Ndani kuna mlinzi. Ni waya mrefu aliyevaa kofia.

"Na huyu uliyekuja naye ni nani?" ananiuliza.

Nageuka. Nyuma yangu amesimama bwana mwenye vinywa vinne. Namfahamu, ni kigawanyio changu cha USB, kile ninachochomekea vitu vinne kwa mpigo.

"Mimi ndiye nitakayeiunganisha diski," kinasema kinywa cha kwanza. Cha pili kinaomba maji, cha tatu kinaomba radhi, na cha nne kinamtukana mlinzi taratibu.

"Watu wa kati hatuwataki," mlinzi anasema. "Diski iingie yenyewe au irudi nyumbani."

Bwana wa vinywa vinne akaketi chini akaanza kujibishana mwenyewe. Nilimwacha hapo hapo.

Baada ya geti ni gulio la machungwa. Kwenye kiti amekaa chungwa kubwa lenye miwani, linapima diski kwenye mzani wa kuning'iniza.

"Diski ndogo hatupokei," linasema bila kunitazama.

Naiweka yangu kwenye mzani. Mshale hausogei. Chungwa linavua miwani, linaipangusa, linaivaa tena, linafungua mdomo kunifukuza. Hapo baba akakohoa ndani ya diski. Mzani ukagonga meza.

"Inatosha," likasema chungwa.

"Hicho ni kikohozi tu," nikaliambia. "Hata hajaanza kuongea."

Chungwa likatuonyesha mlango, nami nikapita nikiwa nimekunja uso, maana nilishaanza kuchoka kupimiwa baba yangu gulioni.

Ndani ya mlango ndimo alimo mkubwa mwenyewe. Mashine imekaa juu ya meza ya dobi, feni yake inavuma, Kiswahili chake cha taarifa ya habari.

"Mteja mpendwa," inasema.

"Usiniite mpendwa."

"Mteja. Chagua. Sawa au Ghairi?"

"Nataka gemu iingie na kilichomo kibaki."

"Hakuna kitufe hicho."

"Kitengeneze."

Feni ikavuma zaidi. Mashine ikasema kwamba huenda mteja hajaelewa utaratibu, kwa hiyo ataonyeshwa. Pazia likafunguliwa. Nyuma yake kuna beseni refu, na diski za kila namna zinaogeshwa kwa dawa ya kufulia, zinasuguliwa, zinasuuzwa, zinaanikwa. Flash moja nyekundu ikatoka inang'aa, ikaja kusimama mbele yangu na tabasamu.

"Shikamoo," ikasema.

"Marahaba. Ulikuwa umebeba nini, mwanangu?"

"Niko tayari kutumika."

"Nakuuliza ulikuwa umebeba nini. Picha za harusi? Nyimbo?"

"Niko tayari kutumika."

Nikaogopa. Sijaogopa hivyo tangu siku tuliyomzika baba. Akilini nilimwona akitoka kwenye lile beseni, msafi, ameshika kofia yake ya kiua, ananitazama na kuniambia yuko tayari kutumika.

Hadidiski ikanigusa bega kutoka mgongoni. "Dada Mwantumu, bonyeza tu Sawa tuondoke. Mzee huyu hanyamazi. Tangu unipe nikae naye ni kona, faulo, kona, faulo. Nimechoka mwenzio."

"Wewe kazi yako kubeba. Ushauri nikiutaka nitakwambia."

"Nilikuwa nasema tu."

"Usiseme."

Nikaikaza kanga, nikairudia mashine. "Sibonyezi," nikaiambia. "Na wewe hubonyezi. Huyu mzee alikuwa anakaa bandani kabla yako. Wewe umenikuta naye."

Mashine ikapunguza feni yake. Halafu ikasema, kwa upole wa mtu aliyeshajua atashinda, "Basi tucheze. Kwenye banda lako mwenyewe sheria si aliyefungwa anampisha mwenzake? Ukifungwa, diski inaingia beseni."

Watu wote wa Muheza wanajua sijui kucheza. Mimi nawasha, nazima, nafukuza wanaoweka miguu kwenye benchi. Lakini ulimi ulishatangulia.

"Lete pedi," nikasema.

Meza ya dobi inakuwa uwanja. Nyasi ni za kijani cha runinga, na zinaumiza macho. Mashine inacheza upande wa pili, inatoa pasi, inapiga chenga, inafunga. Inafunga tena. Nabonyeza kitufe cha pembetatu kwenye pedi, mchezaji wangu anainama kufunga kamba ya kiatu. Nabonyeza duara, anafunga kamba ya kiatu cha pili. Mashine inafunga kwa kichwa, kwa kisigino, inafunga kutoka kwenye kona bila kugeuka. Diski zilizooshwa zimejaa jukwaani, zinapiga makofi kwa pamoja na kuacha kwa pamoja.

"Mteja aandae diski," inasema. "Matokeo ni dhahiri."

"Yapi?"

"Nimefunga saba."

"Nani kayatangaza?"

Mashine ikaniuliza nina maana gani. Nikailetea kiti, maana yenyewe ndiyo iliyohitaji kuelimishwa sasa, nikaieleza taratibu. Bandani kwangu goli asilolitangaza Mzee Singano halihesabiki. Vijana walikuwa wanagombana kila siku, huyu anasema tatu, yule anasema mbili, hadi pedi zinarushwa. Baba akasema basi, kuanzia leo goli ni mpaka nimtaje mfungaji. Akikaa kwenye stuli yake mlangoni, anatangaza. Akienda kuswali, wanasimamisha gemu wanamsubiri, hata kama mpira uko mstarini. Siku moja alikwenda Korogwe kwenye msiba, na mechi ikabaki imesimama hadi kesho yake. Hakuna aliyelalamika.

"Mimi ninaye mtangazaji wangu," mashine ikasema. "Yumo ndani yangu."

"Huyo Mzungu? Hajui Muheza iko wapi. Hahesabiki."

"Basi mlete huyo mzee atangaze."

"Yumo humu mgongoni. Yumo kwenye hii hii unayotaka kuiosha. Ioshe, ubaki na magoli yako saba yasiyo na mwenyewe mpaka siku ya kiama."

Feni ikasimama. Jukwaani flash nyekundu ikaanza kupiga makofi, ikaona iko peke yake, ikaacha.

"Bonyeza Ghairi," mashine ikasema kwa sauti ndogo.

"Mkono wangu umechoka. Bonyeza mwenyewe."

Ikabonyeza. Niliona kwa macho yangu kitufe kikiingia ndani. Nami ningeweza kuondoka hapo na ushindi wangu wa mdomo, lakini nilikuwa nimepandwa na mori. Mwaka mzima nimefungua lile banda stuli ikiwa tupu, vijana wanafunga, wanaangalia mlangoni, hakuna anayesema kitu, wanaendelea kucheza bila raha. Namkosa yule mzee. Sikutaka tu asifutwe, nilitaka atangaze.

Kwa hiyo nauvamia mpira. Sibonyezi pembetatu wala duara, naitupa pedi, naingia uwanjani na kandambili zangu, mgongoni diski inapiga kelele kwamba yenyewe haitakiwi kutikiswa wakati wa kazi. Mashine inatuma mabeki. Nawapita kwa matusi zaidi kuliko kwa chenga. Kipa anaondoka njiani, amenikumbuka, alikuwa anaweka miguu kwenye benchi. Napiga shuti kwa nguvu zangu zote, kandambili na mpira vinakwenda pamoja, na vyote viwili vinaingia.

 Mashine inaniangalia, mimi naangalia mashine. Goli lipo pale wavuni na bado si goli.

Mgongoni pangu hadidiski inapata joto. Inatetemeka kidogo. Kisha kikohozi, kile cha kusafisha koo, na sauti yake, nzito, isiyo na haraka hata kidogo.

"Nyavu zimetikisika, mabibi na mabwana. Ni goli. Na mfungaji wa goli hilo si mwingine bali ni..."

Nikaamka.

Palikuwa pamekucha. Nilikaa kitandani nikiwa na uchungu wa kulia, kwa sababu nilitaka kusikia neno moja tu na nilinyimwa. Nikatoka nje kunawa uso. Mama Hiari, jirani yangu mpya, aliyehamia mwezi huu kutoka Handeni na hamjui mtu yeyote mtaani, alikuwa anafagia upande wake wa ua.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama, Mama Hiari. Za kwako?"

"Nzuri, ila usingizi haukunitosha. Nilisikia kwako kuna mzee anatangaza mpira. Nikasema leo jirani kapata mgeni. Anajua kutangaza yule, nikajikuta nimekaa kitandani nasikiliza." Akaegemea ufagio. "Sasa mbona alikatika mwishoni? Goli alifunga nani?"

Nilisimama na maji yananidondoka kidevuni. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kama nilivyouacha.

"Mwantumu," nikamwambia. "Alifunga Mwantumu binti Singano."