Vikaratasi vya Jumanne

Kombe lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya bega la mkuu wa shule, na mtu alikuwa amechomeka kalamu ndani yake. Nililitazama muda wote mkuu alipokuwa akipekua daftari langu la majaribio ya kemia. Kombe hilo la mpira wa magongo nililipigania kwa meno na kucha. Kwenye fainali nilizuia penalti tatu, na tangu siku hiyo shule nzima ikaniita Ukuta.

"Majaribio kumi na mawili," alisema mkuu. "Sahihi ya mwalimu wa maabara ipo kwenye manne tu, na kanuni inataka yasipungue kumi. Husajiliwi. Mtihani utafanya mwakani."

"Nilikuwa na ruhusa, Mwalimu. Kila Jumanne."

Nikatoa mfukoni vikaratasi vinane, vyote vya mwandiko wa kocha: *Aruhusiwe kwenda mazoezini*. Kocha mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu, filimbi shingoni. Ndiye aliyetufundisha kwamba timu ni mwili mmoja, kidole kikiumia mwili wote hukesha. Nikamgeukia, nikangoja aseme sentensi moja tu.

Alikohoa. "Nilijua anafidia baadaye. Mtu wa darasa la mtihani anaijua ratiba yake."

Mkuu akavisukuma vikaratasi kwangu. "Hivi vinakutoa darasani, binti. Havifanyi jaribio."

Alisema kweli, na hilo liliniuma. Lakini liliniuma zaidi kukumbuka jinsi nilivyopenda kutoka maabara huku wenzangu wakinitazama kwa kijicho. Mama, fundi cherehani, aliyenishonea kinga za miguu kwa mabaki ya turubai, alinionya mapema: "Mshika mawili moja humponyoka, mwanangu. Hayo majaribio utayafanya lini?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba kocha ameshapanga. Mama akaendelea kuzifuta kwa kidole siku za kuelekea mtihani, alizoziandika kwa chaki nyuma ya mlango wetu. Jioni hii nitamwambia nini?

Kocha alinifuata hadi barazani. "Usikate tamaa, Ukuta. Michezo inatufundisha kushindwa."

"Wewe umeshindwa nini, Mwalimu?"

Akatazama saa yake. "Yule mdogo wa kidato cha pili ndiye atakayelinda lango sasa. Kamwoneshe namna ya kufunga kinga, tafadhali."

Nikaenda. Nilijichukia kwa kwenda, lakini miguu yangu ilikwisha kuzoea kumtii. Binti huyo alikuwa amekaa ukingoni mwa uwanja na kinga zangu mapajani, zile za mama, akizipapasa kama nguo mpya. Nikapiga magoti mbele yake. Nikakaza mkanda wa kwanza, kisha wa pili. Zilimpwaya kidogo, kama zilivyonipwaya mimi siku ya kwanza.

"Saa hizi mna somo gani?" nikamuuliza.

"Maabara, dada." Akanionesha kikaratasi alichokikunja vizuri mara nne. "Lakini kocha ameshapanga."

Filimbi ililia. Kocha alikuwa akituita kwa mkono, na wachezaji wengine walikuwa wamekwisha kujipanga. Nikarudi kwenye mkanda wa kwanza, nikaufungua. Nikaufungua na wa pili.

"Dada," aliuliza yule binti, machozi yakimlengalenga, "kwani nimekosea nini?"