Bahari ya Kijivu

...basi na acheke, acheke mpaka tai ya hariri imkabe koo, maana Ermete Savorani afanye nini tena isipokuwa kukaa hivi na sahani magotini, brashi imelowa rangi mkononi, amsikilize Leandro Bellenghi, siku hizi Profesa Leandro wa Chuo cha Sanaa cha Bologna, si yule Leandro wa ujanani aliyekuwa akiazima mpaka soksi, akimwinamia Yona wake, aliyechorwa kwenye sahani akitupwa majini, na kusema, "Lakini ndugu yangu, bahari gani hii? Kijivu namna hii? Au mabaharia walifulia nguo humu?"... na Kavaliere Montuschi, mwenye cheo hicho cha heshima na karakana hii ya sahani za udongo, naye ha-ha-ha, tumbo linapanda na kushuka ndani ya kizibao... kijivu! Mjinga wee, hata mama anayetuletea maziwa asubuhi anajua kwamba buluu yetu ikiwa mbichi huwa kijivu, huingia tanuruni majivu ikatoka bahari, mji wetu mzima wa Faenza unajua, watoto wanaojifunza kutembea wanajua, ni wewe tu na miwani yako, uliyezoea kuchora kwenye turubai, ambako rangi unayoipaka ndiyo utakayoiona mpaka ufe, na ukikosea unafuta na kitambaa, hapa hakuna kufuta, unga huu mweupe tunaoupaka sahani unakunywa rangi kama mkate mkavu unavyokunywa mvinyo, ukigusa umegusa... asiyejua maana haambiwi maana, sawa, lakini huyu asiyejua maana ndiye aliyeshika kalamu! Ndiye aliyetumwa na manispaa kumchagua mwalimu wa shule ya uchoraji, na amekuja na daftari lake jeusi kuangalia kazi, na Ermete, kwa ujinga wake mwenyewe, akamwonyesha sahani iliyo bora kuliko zote alizopata kuchora, mbichi, haijaonja moto.

"Zamani ulikuwa na macho ya kuzijua rangi, we Ermete," anasema Leandro, na sauti yake ina huruma, heri angemtukana, "nini kimekupata?" Nini kimekupata... risasi imenipata, bwana, ile risasi ya madini iliyomo katika unga huu, miaka kumi na tisa inaingia kwenye kucha na mate, inanikata tumbo usiku, na tangu Pasaka kidole gumba hakinitii, nyumbani nashika kikombe kwa mikono miwili na Argia anajifanya haoni, mke wangu, anachemsha maziwa anasema kunywa, kunywa, daktari amesema maziwa, lakini daktari alisema na neno jingine, kwamba ukibaki karakanani majira mawili tu ya baridi mkono huu utaning'inia kama glavu tupu, na Argia alilisikia akiwa nyuma ya mlango, ndiyo maana leo amenipigia pasi shati kana kwamba naenda kuoa... shuleni hakuna risasi, kuna chaki na makaa ya kuchorea, basi, mkono unapona, kwa nini asimwambie tu? Leandro, buluu hii bado mbichi. Maneno matano. Lakini umwaibishe mwenye kalamu mbele ya watu, halafu umwombe kazi? Neno hilo lilifaa litoke kwa Kavaliere, mtu wa heshima, angelisema kwa mzaha, bwana profesa, ngoja tuchome kwanza, wangecheka wote yakaisha... mbona hasemi? Sema basi, Kavaliere. Sema.

"Labda macho yamechoka," anasema Kavaliere Montuschi. "Fundi wetu anazeeka, bwana profesa, sote tunazeeka."

Macho? Macho! Yeye aliyefungua tanuru ile mara mia sita, aliyeinama humo na uso mwekundu akipiga kelele, buluu, tazameni buluu, mama yangu wee, aliyekwenda Paris kwa buluu hiyo akavishwa nishani, akaitundika juu ya meza yake, na nyuma ya kila sahani nembo ya karakana, jina la Ermete hata herufi moja hakuna... huyu anajua. Huyu hajakosea. Yule mwingine ni mjinga tu, Mungu amsamehe, lakini huyu anatazama kijivu, anaiona buluu, na anafunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi Kavaliere alimwona Ermete akidondosha brashi mara mbili, akamwambia kunywa maziwa, fundi, kisha akamletea sahani nyingine tatu za kuchora... anataka autumie mkono huu mpaka wa mwisho, kama mshumaa... damu inampanda Ermete masikioni, anatamani ampige na sahani ya kilo tano, Yona na bahari na wote... halafu, ghafla, anakaribia kucheka. Mwenye mali huficha nini? Huficha chake cha thamani. Hakuna anayefunga mlango kwa ajili ya punda kilema. Miaka kumi na tisa anasubiri mtu huyu amsifu, na leo ndiyo siku ya kwanza amesifiwa, kwa uongo, mbele ya shahidi, kwa sababu bwana mkubwa anaogopa, anamwogopa yeye, na nani alisema lazima mwenye tanuru ndiye aseme? Mbwa ndiye anayengoja mezani mpaka mtu akumbuke kumtupia mfupa.

Leandro analamba ncha ya penseli, ameandika "Rangi:" na mkono wake bado uko juu ya karatasi. Brashi ya Ermete bado iko hewani, na tone la kijivu halijadondoka. Anainua macho, si kwa profesa, kwa Montuschi, anamtazama usoni kama alivyotazama sahani zake zote kabla ya kugusa mahali pasipofutika, na Kavaliere, aliyekuwa bado anacheka, anaona kitakachosemwa, kwamba buluu hii bado mbichi.