Kinyago cha Gunia la Unga

Kinyago nilikishona mwenyewe, kwa hiyo nilikijua. Gunia jeupe la unga, mdomo wa nyuzi nyekundu za sufu, masikio yaliyokatwa kwenye kofia kuukuu ya marehemu baba mkwe, na jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia kwa sababu mkasi uliniteleza. Nilimshonea Dympna, binti yangu mkubwa. Colman nilimgeuzia koti la baba yake nyuma mbele, na Ita mdogo nikamfunika shuka lenye matundu mawili ya macho. Shuka lile lilikuwa bado zima, Mungu anisamehe.

Siku hiyo ya mkesha wa Watakatifu Wote jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Colman alikuwa akikomba tanipu, mzizi mnene kama kiazi kikubwa, kwa kijiko ili tuweke mshumaa ndani yake, Ita akibandika popo wa karatasi nyeusi dirishani, na mama mkwe wangu ameketi karibu na moto akitoa maoni.

"Huyo popo amefanana na Padri," alisema.

"Yupi, Bibi?"

"Huyo mnene."

Dympna akaivaa sura yake ya gunia, akaivua, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mwaka huu tupite na kwa baba mdogo Malachy?"

Mume wangu Fintan alikuwa mlangoni akivua buti. "Nyumba za kupita mnazijua," alisema.

Malachy ni mdogo wake. Waligombana kuhusu shamba la mtoni baada tu ya kumzika baba yao, na kwa miaka minne Fintan hakulitamka jina la ndugu yake. Malachy anakaa ng'ambo ya daraja tu, lakini hakuwa amekanyaga kwetu, na miguu ya mama yao haikuweza tena kumfikisha kwake. Kila jioni mama aliomba jambo moja, awaone wanawe wote wawili katika chumba kimoja kabla hajafa. Siku za karibuni alikuwa ameacha kuliomba kwa sauti, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Giza lilipoingia watoto wakatoka. Kwetu, usiku huo, anayekuja amejificha uso haongei na habishi hodi. Anaingia, anasimama, na wenye nyumba wanabahatisha ni nani. Wakimpata, anajifunua. Wasipompata, anakula na kuondoka na siri yake, na hakuna anayeruhusiwa kugusa kinyago chake.

Wanaume watatu wakaingia. Wa tatu alikuwa amevaa kinyago cha Dympna.

Nilisimama na birika mkononi. Kwanza, na naona aibu kulisema, nilidhani Dympna amerefuka. Halafu nikawaza kuna jambo limempata njiani. Halafu nikajiambia labda yuko mama mwingine parokiani aliyetelezwa na mkasi kama mimi. Lakini masikio yalikuwa ya kofia ileile. Nilitaka kuuliza, na sikujua nimuulize nani, maana anayejua haruhusiwi kusema.

Fintan alikuwa ameshaanza. "We wa koti la mvua, hiyo miguu ya bata ni ya Jarlath wa posta." Jarlath akajifunua akicheka. "Na wewe unanuka kondoo, Enda. Vua tu, bwana." Yule Enda naye akajifunua.

Akamgeukia wa tatu. "Cormac?" Gunia likatikisika kukataa. "Tierney wa dukani? Mwalimu mkuu?" Akaendelea kuwataja wanaume wa barabara yetu, nyumba baada ya nyumba, mpaka darajani. Alipovuka daraja akaruka nyumba moja, akaendelea na zilizobaki.

Niliisikia ile nyumba aliyoiruka. Nisichojua ni kama aliiruka kwa kutojua, au kwa kujua. Nilimtazama mama. Alikuwa akitazama moto, midomo imefungwa, yeye ambaye hajawahi kukosa la kusema.

"Basi, huyu kanishinda," Fintan akaniambia. "Attracta, mpe chai."

Jarlath na Enda wakanywa, wakaaga. Wa tatu hakunywa wala hakuondoka. Wakati huo watoto wakaingia, Dympna uso mtupu, ameupaka masizi tu. Nikamvuta pembeni.

"Kinyago chako kiko wapi?"

"Nimemwazima mtu."

"Nani?"

"Mama, si tunakatazwa kutaja?"

"Ni saa ya rozari," Fintan akasema. Hilo nalo lilinichanganya, kwa sababu siku zote ndiye wa kukumbushwa.

Tukapiga magoti kila mtu mbele ya kiti chake, na mgeni naye akapiga. Mama akaongoza fungu la kwanza, la Salamu Maria kumi, Fintan la pili, mimi la tatu, Dympna la nne. Fungu la tano zamani lilikuwa la Malachy, na tangu aondoke Fintan hulichukua bila kuulizwa. Safari hii akanyamaza. Nilidhani amesinzia, nikageuka. Hakuwa amesinzia. Alikuwa ameshika punje zake bila kuzisogeza.

"Baba, zamu yako," Ita akanong'ona.

"Si yangu," alisema.

Tukangoja. Nilikuwa nikimwomba Mungu kitu, na hata sikujua naomba mgeni aseme au anyamaze. Kisha sauti ikatoka ndani ya gunia, imekwama kwenye sufu, ikikatika. "Baba yetu uliye mbinguni..."

Mama akaitikia kabla yetu sote. "Utupe leo mkate wetu wa kila siku," kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Niliitikia nami, lakini hesabu ya Salamu Maria ilinipotea kabisa. Nadhani zilizidi kumi. Hakuna aliyesahihisha.

Tulipomaliza mgeni alibaki ameinama, uso wake bado gunia. Fintan akasimama, akajipangusa magoti.

"Vua hilo gunia, Malachy," alisema. "Utazimia humo ndani."

Malachy akahangaika na fundo nyuma ya shingo, likamshinda, maana kamba za kinyago nilizichagua ngumu. Fintan akamngoja kidogo. Halafu akaenda kumfungulia.