Dakika za Ayuma

Kama hujawahi kumwona Ayuma akikimbia, sijui nikuanzie wapi. Miguu yake haikuwa inagonga lami. Ilikuwa inaigusa tu na kuiacha, kama mtu anayejaribu pasi ya moto kwa kidole. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, shingo ndefu. Akipita mbele ya kibanda changu cha mandazi hapa Umoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wateja walisahau chai mkononi. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuvua kofia, na ukimuuliza kwa nini hajui.

Kocha wake alikuwa Mukhwana, fundi wa kutengeneza makarai kule Kariobangi, mtu ambaye zamani alikimbia mwenyewe. Alimfuata kwa baiskeli bila kelele, na alikuwa na sheria moja tu: mtoto huyu asipimwe muda mpaka afikishe miaka kumi na sita. Hakuna saa. Akimbie, acheke, aende shule.

Sasa niambie. Sisi watu wa mtaa huu, tunaojua nani jana alipika nyama na nani alipika harufu tu, tungekaaje bila kujua dakika zake?

"Mama Tiffany," akaniambia Teresiah, jirani yangu anayeuza mboga, "anaanzia kwako, anamalizia kwako. Si ubonyeze saa ya simu tu, tujue muda wake?"

"Na Mukhwana akiona?"

"Ataona aje? Weka ndani ya aproni. Ama unaogopa mtu wa makarai?"

Nikabonyeza. Mzunguko wake ni kama kilomita tatu. Dakika kumi na sekunde arobaini. Nikamtumia Sydney, kinyozi wa kule kona, ambaye mambo ya michezo huyala na kuyalalia. Akanipigia hapo hapo.

"Mathe, umepima vizuri? Manze, hiyo si ya mtoto! Pima tena kesho."

Kesho yake ikawa kumi na thelathini na tano. Kufika Ijumaa tulikuwa na grupu ya WhatsApp, mimi ndiye admin. Watu mia mbili na kitu, wengine walishahamia Mukuru, wengine wako Busia kabisa. Kila asubuhi Sydney alituma sauti kutoka mlangoni pake: "Amepita sasa hivi, na hata mdomo hajafungua!" Kisha mimi namalizia na dakika. Nchi nzima, nikikuambia, ilikuwa inaningoja mimi.

Binti yangu Tiffany akaitoa siri hiyo shuleni. Mchana mmoja Ayuma akaja, mkoba mgongoni.

"Mama Tiffany, leo nilikuwa ngapi?"

Ningesema sijui. Lakini alivyouliza, macho yanawaka, nikamwambia. Akarukaruka. Tangu siku hiyo alikuja kila siku. Halafu akaacha kula mandazi, eti yanamfanya mzito. Halafu akaonekana jioni akizunguka peke yake. Mama yake, Nasike, aliniambia mtoto anashinda ameshika muundi wa mguu, anasema hauumi. Na mimi nilifanya nini na habari hiyo? Nilienda kuwaambia kwenye grupu kwamba siku hizi anakimbia mara mbili. Wakapiga makofi.

Jumamosi moja watu walijaa kwangu kama kuna harusi. Ayuma alipotokea pale kona, naapa, vinyweleo vya mikono vilinisimama. Mtoto alikuwa anaikata hewa. Akavuka kibanda, nikachungulia ndani ya aproni. Tisa, hamsini na saba. Teresiah akapiga yowe.

Ayuma akaketi ukingoni mwa barabara, akashika muundi. Hakumtazama kocha. Alinitazama mimi.

"Ngapi?"

Mukhwana ndiyo kwanza alikuwa anashuka baiskeli. "Ngapi nini?"

Mtaa mzima ukanigeukia. Nikaitoa simu, nikampa.

Hakufoka. Aliitazama ile namba, na niliuona mshangao ukipita usoni mwake, kisha woga ukaja na kukaa.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano," akasema, "watu walipoanza kuja na saa zao. Kufika kumi na tisa nilikuwa nimekwisha. Mguu ulipona, Mama Tiffany. Ile hamu haikurudi."

Ayuma akaanza kulia. "Sitaki tena, kocha. Nikikimbia nasikia ni kama wananifukuza."

"Basi, usikimbie." Akamtazama kila mtu aliyekuwa pale. "Na mtu asimwambie arudi. Akitaka, anajua ninapofanyia kazi. Asipotaka, alizokimbia zinatosha."

Grupu niliifuta siku hiyo hiyo. Mtu mmoja wa Busia alinipigia kunitukana. Lakini kazi hasa ilikuwa kuwazuia watu. Sydney alitaka kumnunulia viatu. Teresiah alitaka kumleta pasta amwombee. Mimi, nisiyeweza kuficha mimba ya mtu siku mbili, nikawa askari wa mlango wa Nasike. "Mwacheni mtoto!" Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita. Ayuma akipita anatembea tu. Ulimi uliniwasha mpaka nikauuma. Sikuuliza. Nikawaza tumemmaliza, na mimi ndiye niliyeshika saa.

Wiki ya saba nilienda Kariobangi kutafuta karai jipya. Kule mafundi wamepangana njia nzima, nyundo juu ya bati, jina lako mwenyewe hulisikii. Nimeinama nachagua, nikaona sare ya shule. Ayuma. Nikajisogeza nyuma ya masanduku ya bati.

"Kocha, habari."

"Nzuri, Ayuma." Mukhwana hakuacha kugonga.

"Mguu hauumi. Daktari wa kliniki ameuangalia."

"Vizuri."

Akazungushazungusha mkanda wa mkoba. "Nataka kukimbia kidogo. Nipitie wapi?"

"Popote."

"Hata huku, katikati ya watu?"

"Hata huku. Ukichoka, tembea."

"Utachukua baiskeli?"

"Nina karai la mtu hapa."

Akaweka mkoba chini, akaondoka. Polepole kwanza, anakwepa majiko, anakwepa mkokoteni. Halafu mwili ukakumbuka. Fundi wa masanduku alikuwa wa kwanza kuacha kugonga. Kisha aliyefuata, na aliyefuata, kila alipopita nyundo ikabaki hewani, mpaka kimya kikamfuata njia nzima hadi mwisho, na katikati ya Kariobangi, saa kumi jioni, nikasikia viatu vya mtoto mmoja, vyepesi, na kicheko chake kwa mbali.

Mukhwana alikuwa amesimama, karai miguuni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugonga.