Aliita Ndoo

Niseme ukweli mapema, kabla sijaanza kujipamba: nilijua. Bi Mwanamkisi aliponiita kutoka ghorofani, "Mama Murithi, ndoo! Ndoo, mwanangu!" nilijua anasema nini. Waamu wakisema ndoo wanamaanisha njoo, kama njia inavyokuwa ndia na nchi ikawa nti. Miaka minne nimepanga chumba cha chini katika nyumba yake hapa Amu, mji wa Lamu. Hata paka wa kichochoro chetu wanalijua neno hilo.

Mimi ni mtu wa Meru, mjane, napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni kule Shela, na kanisani ndimi mwalimu wa ushirika wa akina mama. Jumanne ile zamu yangu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikaa mezani kuandaa somo la Jumapili. Unataka kujua somo lilihusu nini? Kusamehe. Cheka ukitaka, mimi nimeshindwa.

Ugomvi wangu na Bi Mwanamkisi ulikuwa wa chungu cha pilau. Mwaka juzi alimwoza mjukuu wake, nami nikapanda juu na leso kiunoni kusaidia kupika kama jirani yeyote. Nilipoushika mwiko tu, akanigeukia mbele ya wanawake wapatao arobaini. "Wacha, Mama Murithi. Chungu hiki usikiguse." Basi, hakueleza. Wengine wakacheka, wengine wakatazama sakafu. Nikashuka ngazi nimevimba kwa hasira, na sikuwahi kupanda tena.

Kila Ramadhani aliniletea sahani ya futari, mahamri na mbaazi za nazi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema Mungu akubariki, nikafunga mlango, nikawamwagia paka. Jumapili nikasimama kufundisha upendo. Na nilifundisha vizuri, acha nijisifu. Akina mama walitoa leso wakapangusa machozi.

Basi Jumanne ile aliponiita, moyo wangu ukasema: ahaa, leo ndio unanihitaji? Nikachukua ndoo yangu ya bluu, nikaiweka kwenye ngazi, nikapaza sauti, "Ndoo hiyo hapo, Bi!" Nikarudi kwenye Biblia yangu huku nikitabasamu. Akaita tena mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha kimya. Amenuna, nikasema, na anune.

Adhuhuri nilipotoka kwenda kazini nikaikuta ndoo palepale. Nikapanda kwa hasira nimuulize mbona hakuichukua. Bi Mwanamkisi alikuwa sakafuni, mlangoni mwa chumba chake, mdomo umekwenda upande, macho yananitazama. Nikapiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Vijana wa kichochoroni wakambeba hadi hospitalini, na Alhamisi alfajiri akafa bila kusema neno jingine.

Niliitafuta ile hasira yangu ya miaka miwili nikamkasirikie, sikuiona. Nilikuta woga mtupu. Nilimwogopa Mungu, lakini zaidi, Mungu anisamehe, niliwaogopa watu.

Binti yake wa pekee, Kadija, ameolewa Mbwajumali, kisiwa cha Pate. Alipanda boti Mtangawanda akamuwahi mama yake angali hai, akamzika. Siku ya tatu ya matanga akashuka chumbani kwangu, akakaa kitandani, macho yamevimba.

"Mama Murithi, siku ile alisema lolote?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nikasema, "Aliita ndoo. Nikadhani anataka ndoo, nikamwekea pale kwenye ngazi."

Kadija akanitazama. Halafu akacheka na kulia kwa pamoja, akanikumbatia. "Masikini wee! Lugha yetu hii!"

Aliponiachia alijitengeneza buibui lake, akasema amekuja kumtakia mama yake radhi. Ndivyo wafanyavyo, maiti hutakiwa radhi kwa majirani, kama kuna mtu ambaye marehemu alimkosea, amuwie radhi. "Lile la chungu lilimuuma," akasema. "Aliniambia, Kadija, nalimvunja mtu uso mbele za watu, na sijui nianzie wapi. Kila futari aliyokuletea, ndiyo radhi aliyokuwa akiitaka."

Nikawafikiria wale paka. Nikasema, "Nimemsamehe." Lilitoka jepesi, kama kumwambia mtu karibu chai.

"Mungu akulipe. Nawe una radhi yangu," akasema Kadija. "Wewe hukujua."

Hukujua! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilipiga pasi nalo, nililala nalo. Nikipiga magoti nimwombe Mungu msamaha, nasikia, "Wewe hukujua," nashindwa kuendelea, maana Yeye hawezi kuniambia hivyo. Na kisa kikaenea mjini. Wanawake walinisimamisha njiani kunipa pole, mimi, mimi! Kikafika hadi kwa Mzee Kiprotich wa kanisani kwetu, akafurahi kupita kiasi. "Mama Murithi, huo ni ushuhuda mzito. Wiki ijayo usimame utuambie jinsi jirani alivyokusamehe." Nikaitikia, mjinga mimi.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya huo ushuhuda, Kadija alikuwa akirudi kwa mumewe. Nikambebea mkoba hadi gatini. Nilikuwa nimejiapiza sitasema. Nikasema.

"Kadija, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mama yako alivyoita. Nilijua ananiita niende. Ndoo niliiweka kwa makusudi. Kumuudhi."

Wachukuzi walipita baina yetu na magunia. Alingoja wapite. "Uliyua?" akauliza kwa Kiamu, polepole, kama anayetaka nikanushe.

"Nilijua. Lakini sikujua ameanguka, Wallahi—" Eti Wallahi, mimi mwalimu wa ushirika! Nikaanza kulia. "Kadija, niwie radhi."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga kofi mbele ya gati nzima.

"Radhi niliyokupa ilikuwa ya mtu asiyejua," akasema. "Mtu huyo si wewe. Nirudishie."

"Kadija…"

"Nirudishie, Mama Murithi. Sema umenirudishia."

Nikasema, "Nimekurudishia." Akachukua mkoba mkononi mwangu, akaingia botini, akaketi akiwa amenipa mgongo.

Kesho yake nilikwenda kanisani. Nilimwambia Mzee Kiprotich ushuhuda sina, akasema nisijali, majonzi hayana ratiba. Tukasimama kusali Sala ya Bwana. Nilikwenda nao vizuri mpaka pale tunapomwambia Mungu atusamehe kwa kipimo kile tunachowasamehea wenzetu. Pale mdomo ulinigoma. Wenzangu wakaendelea, wakanipita, wakamaliza bila mimi. Nilibaki nimesimama, machozi yananitiririka, kinywa wazi bila sauti.

Mzee Kiprotich akaninyooshea mkono. "Mtazameni dada yetu," akawaambia. "Huo ndio moyo uliosamehewa." Na kanisa zima likaitikia, Amina.