Mafuta Yaishie Mlangoni

Ua la kwanza liliachia baada ya mikato minne ya wembe. Nililiweka mezani kando ya chaki, nikaanza la pili taratibu, maana satini ikizeeka huchanika kwa kutazamwa tu. Mwenye gauni alikuwa amesimama pembeni, amekunja mikono. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mfupi, mchangamfu, na Jumamosi ya wiki ijayo alikuwa anaolewa ndani ya gauni lilelile aliloolewa nalo mama yake.

"Usinielewe vibaya, shangazi," alisema. "Gauni nalipenda. Ila hayo maua matatu ni ya kizamani mno. Na kwa nini yote yako kushoto? Nikimuuliza mama anasema eti ndio ulikuwa mtindo."

"Ulikuwa mtindo kweli," nilijibu, na sikuthubutu kutazama dirishani alikoketi mama yangu.

Mama ana miaka sabini na minne sasa. Macho yake hayawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, lakini masikio yake hayapitwi na neno. Alikuwa anachambua vifungo mapajani, vikubwa huku, vidogo huku, kazi ambayo hakuna mtu aliyemwomba. Siku hizi fundi wa hapa ni mimi. Yeye ni mwenye duka, msimamizi, na hakimu wa kila mshono. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu nguo kwetu hujaribiwa jioni. Sheria hiyo aliiweka yeye, na ndiyo iliyotufikisha kwenye maua.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini, najifunza kazi chini yake. Wateja walimwita Mama Pini, kwa sababu alizungumza na pini nne tano zimebanwa midomoni, na maneno yake yalitoka machache, kwa pembe ya mdomo. Mafundi wengine walimjaribisha mteja nguo saa yoyote aliyotokea. Mama alikataa katakata.

"Mwili wa asubuhi ni mwongo," alisema. "Haujala, haujachoka, haujagombana na mtu. Ukiushonea huo, jioni nguo itamkana mwenyewe."

Basi kila mteja aliambiwa aje magharibi, akitoka kwenye shughuli zake, na siku nzima ikiwa mwilini mwake. Na kweli, nguo za mama zilimkaa mtu kana kwamba alizaliwa nazo. Tatizo ni kwamba saa hiyohiyo ndiyo mbu nao huingia kazini.

Nyuma ya chumba chetu ulipita mtaro. Ndani ya uzio wetu mama alikuwa amemwaga maji ya kila kopo na kufukia kila kishimo, lakini mtaro ulikuwa wa watu wote, kwa hiyo haukuwa wa mtu. Mbu walitoka huko makundi kwa makundi. Sasa fikiria mtu aliyesimama na pini arobaini kiunoni. Hawezi kuinama, hawezi kujikuna, hata kupunga mkono hathubutu. Kwa mbu hiyo ni karamu. Mwaka ule wateja tisa walituhama, wakaenda mtaa wa pili kwa fundi aliyekuwa na feni mbili na wavu madirishani, fundi ambaye mishono yake, kwa maneno ya mama, ilinyooka kama njia ya mlevi.

Nikajitwika vita vya mbu. Majirani hawakuninyima ushauri. Nilichoma maganda ya machungwa mara moja tu. Mama akainusa blauzi ya mteja, akainusa tena, akanitazama mpaka nikaenda kuuzima moto bila kuambiwa. Nikapanda kivumbasi mlangoni. Mbuzi wa jirani akakila mpaka mizizi, na tangu siku hiyo, naapa, sikumwona akisumbuliwa na mdudu. Nikajipaka kitunguu saumu. Mbu hawakunikaribia, na wateja nao vilevile. Nikakata ndimu katikati, nikazichomeka karafuu, nikazipanga kwenye sahani juu ya meza ya kukatia. Hizo mama alizipenda kwa harufu yake, lakini mkono wake ulizoea kuchomeka pini kwenye chochote cha mviringo. Baada ya siku mbili ndimu zilikuwa na pini nyingi kuliko karafuu, na pini zote zimeshika kutu.

Kilichofaa ni mafuta. Nilikatakata mchaichai na majani machache ya mwarobaini, nikayapika ndani ya mafuta ya nazi kwenye moto mdogo, nikachuja kwa kipande cha bitana na kutia kwenye chupa. Nilijipaka, nikaenda kukaa kando ya mtaro nusu saa nzima kama chambo. Nilirudi na alama moja tu, tena kisiginoni, mahali nilipopasahau. Nilimwonyesha mama kisigino hicho kama mtu anayeonyesha cheti.

Mama akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo alilifanya kwa habari za misiba na za harusi tu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini sikiliza. Mafuta na kitambaa ni paka na panya. Mafuta yako yaishie mlangoni. Mteja akishavua nguo yangu, mpake, aende nayo kwao. Humu ndani, hata tone."

"Lakini humu ndani ndimo wanamoumwa, mama."

"Wavumilie."

Ndipo akaja Twiga. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini, mrefu mpaka mtaa mzima ulimwita hivyo, naye aliitika. Alileta satini nyeupe ya gauni la harusi. Harusi yenyewe ilikuwa ya watu mia tano, na mama aliona mbali. Gauni likipendeza, wale tisa watarudi na wenzao. Likiharibika, afadhali tufunge duka. Tatizo ni kwamba Twiga akiumwa na mbu mmoja palivimba kama kifungo cha koti. Jumanne, akiwa amejaa pini, uvumilivu ulimwishia, akajipiga kofi shingoni. Pini tatu zikamchoma, mshono wa bega ukafumuka.

"Mama Pini, nakuheshimu sana," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini siwezi kusimama mbele za watu na manundu mwili mzima. Alhamisi nikiumwa hata na mmoja, nalichukua gauni langu hivyohivyo lilivyo nalipeleka kwa yule wa feni."

Twiga alipoondoka, mama alichukua ufagio akafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Sikuwa nimewahi kumwona mama akiogopa kabla ya siku ile, na niliumia.

Alhamisi mama aliitwa mtaa wa juu kumpima bibi kizee asiyeweza kutembea. Aliniagiza nimvike Twiga gauni tumngojee. Nilichungulia nje, sikumwona akirudi, nikatoa chupa. Nikampaka Twiga kila mahali ambapo gauni halikufika, mikono, shingo, nyayo. Alicheka akasema ananukia kama birika la chai. Nikajifuta mikono kwenye sketi, nikamvika gauni, nikafunga vifungo vya ubavu wa kushoto. Kunawa hakukunijia akilini kabisa. Fundi hata wa siku moja anajua kwamba nguo nyeupe haiguswi kabla ya mikono kuonja sabuni, nami nilikuwa na miaka mitatu kazini.

Mbu walikuja, wakazunguka, wakaenda zao. Mama aliporudi alimkuta bibi harusi ametulia kama nguzo. Alivuta pumzi mara moja mlangoni, kisha akabana pini zake midomoni na kuanza kazi. Alibandika hamsini na mbili bila kusikia kofi hata moja. Twiga akanikonyeza. Usiku ule nililala usingizi wa washindi.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mama amesimama mbele ya gauni. Kiunoni, kushoto, palikuwa na madoa matatu, kila moja upana wa sarafu, rangi ya chai nyepesi. Niliyatambua kabla sijafika. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete. Mafuta hutambaa kwenye satini, na hadi asubuhi alama zilikuwa zimepanuka, zimekuwa miviringo ambayo ingeweza kuwa ya yeyote.

"Mashine," mama alisema polepole. Kila Alhamisi aliitia mafuta. "Imenivujia."

Mdomo wangu ulikuwa wazi, na maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningeweza kuyasema.

"Labda," nikasema.

Mama alinyunyiza unga wa chaki, akapangusa, akanyunyiza tena. Madoa yakafifia lakini hayakutoka. Kitambaa cha kubadilisha kiuno hakikuwepo, urefu wa Twiga ulikuwa umekimaliza chote. Basi mama akatandika gazeti sakafuni, akaiweka mashine yake juu na kuanza kuifungua. Aliifungua skrubu moja moja, kila moja akaifuta kwa kitambaa na kuipanga. Na kila baada ya skrubu mbili tatu aliinua macho kunitazama.

"Miaka kumi na minane na mashine hii," alisema. "Sijui nimeikosea nini."

Nami nilikuwa najifanya napiga pasi suruali ambayo ilikwisha kunyooka zamani. Alipomaliza skrubu ya mwisho alinituma uzi mweupe dukani. Niliporudi alikuwa ameshona maua matatu kwa mkono, kutokana na vijipande vilivyobaki, manene, yaliyojaa vizuri. Kila doa lilipata ua lake.

Jumamosi Twiga alisimama mbele ya watu mia tano bila nundu hata moja, na watu walizungumzia maua kuliko walivyomzungumzia bwana harusi. Ndani ya mwezi mmoja mabibi harusi wanne walikuja kuagiza "matatu kushoto, kama ya Twiga". Wale tisa wakarudi. Fundi wa feni naye akaanza kuyashona, ila yeye aliyaweka kulia, akachekwa mtaa mzima. Kwa miaka miwili nilishona maua, matatu matatu, na kila moja niliona linanisuta. Mara ngapi nilipiga moyo konde nikamwambie mama ukweli, na mara ngapi mteja akaingia! Baadaye mtindo ukapita, na mimi nikajiambia kwamba siri nayo imepita.

Sasa ua la tatu lilikuwa mkononi mwangu, nalo lilikuwa limefumuka lenyewe kwa uzee. Maua ya kitambaa hujazwa pamba ili yasimame. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo, na maelfu niliyoshona nimeyajaza pamba. Ndani ya hili hamkuwa na pamba. Mlikuwa na majani makavu, membamba, marefu, yaliyokunjwa na kufungwa kwa uzi mweupe. Niliyasugua kwa vidole, nikayanusa. Ilikuwa harufu ndogo mno, lakini ilikuwepo. Nikalipasua la kwanza, nikalipasua la pili. Majani yaleyale.

Na kiunoni, mahali pao pa zamani, madoa matatu yalikuwa yananitazama.

Nikaweka wembe chini. Nilihisi joto usoni kama binti wa miaka ishirini.

"Mama," nikasema. "Yale madoa ya gauni la Twiga."

"Enhe."

"Ni mimi. Nilimpaka mafuta humu ndani, halafu sikunawa."

Mama alitupa kifungo kwenye fungu la vikubwa. Hakuinua hata kichwa.

"Mashine yangu haijawahi kunuka mchaichai," alisema.

"Kwa hiyo ulijua siku ileile?"

"Nilijua Alhamisi, nilipofika mlangoni. Bibi harusi mzima ananuka chai, nisijue?"

"Sasa mashine ya watu uliifungua yote ya nini?"

"Nilikuwa nakupa nafasi. Kila skrubu nafasi moja." Akatafuta kifungo kingine. "Ukazimaliza zote." Kisha, baada ya kukitazama kifungo kwa makini, akaongeza, "Na ilikuwa imeshafikia kusafishwa."

Nilicheka mpaka nikalia, na sijui kipi kilianza na kipi kilimaliza. Miaka ishirini na sita nimebeba mzigo ambao mwenyewe alikuwa ameushona, akaujaza majani, na kuupeleka harusini. Binti alitutazama kwa zamu, mimi, mama, kisha kiuno cha gauni lake.

"Shangazi, sasa hayo madoa yatatoka?"

"Hayatoki," mama akajibu kutoka dirishani.

Binti akafikiri. "Basi maua yarudi," alisema. "Kumbe si ya kizamani sana."

Hakuwa amemaliza kusema alipojipiga kofi mkononi, kisha lingine shingoni, akaangalia kiganja chake kwa hasira. Nje jua lilikuwa limekwisha kuzama na mtaro ulikuwa umeamka.

"Hamna dawa ya mbu humu ndani?"

Nilimtazama mama. Kwa miaka yote hiyo sheria ile haijawahi kuguswa. Mama alifuta mikono mapajani, akaonyesha kwa kidevu rafu iliyo kando ya mlango, ambako chupa hukaa mpaka leo.

"Mpake," aliniambia. "Ikauke kwanza ndiyo avae. Na wewe kanawe mikono. Kwa sabuni. Nisikie."

Nina miaka arobaini na sita na wanafunzi wawili wanaoniita bosi. Nilimpaka binti mikono, shingo na nyayo, kisha nikaenda bombani nyuma ya nyumba na kufungulia maji mpaka mwisho, yapige kelele, mama ayasikie.